Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Asili na Maana za Maneno ya Kiingereza Yanayofanana kwa Sauti

Mtu anayeimudu sarufi ya Kiingereza vizuri kabisa bado anaweza kuandika "principle" mahali alipokusudia "principal", na programu ya kusahihisha tahajia katika kompyuta yake isimshtue hata kidogo, kwa sababu maneno yote mawili yamo katika kamusi. Uvivu hauhusiki hapa. Kiingereza ni lugha ambayo matamshi yake yameendelea kubadilika kwa karne nyingi huku tahajia yake ikibaki nyuma, tena ni lugha iliyokopa kutoka Kilatini, Kifaransa, Kinorsi cha Kale na kwingineko bila kujali kama sauti ya neno linaloingia tayari ina mwenyewe.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni orodha ndefu ya jozi za kukariri. Sioni kama orodha hizo zinasaidia sana, kwani huyaweka maneno mawili bega kwa bega, na akili huyahifadhi yakiwa pamoja, hivyo kila unapolihitaji moja linakuja na mwenzake. Njia inayofuatwa hapa ni kulifuatilia kila neno peke yake hadi lilikotoka, kujua lilifikaje kwenye sauti lililo nayo leo, kisha kuitumia historia hiyo kama sababu ya kuliandika linavyoandikwa. Kinachohitajika ni kamusi nzuri inayoeleza asili ya maneno, daftari, na subira ya dakika chache kwa kila neno.

Hatua ya kwanza: tambua mfanano ni wa aina gani

Mzungumzaji wa Kiswahili haoni ajabu neno moja kubeba maana zisizohusiana. "Paa" ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama wa porini, ni kwenda juu, na ni kuondoa magamba ya samaki. Tunaelewana kwa sababu ngeli hutusaidia: paa la nyumba na paa mwenye pembe haviwezi kuchanganywa katika sentensi. Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo, kwa hiyo kazi ya kutofautisha imeachiwa tahajia na nafasi ya neno katika sentensi.

Kwa sababu hiyo, tenga kwanza makundi matatu. Kundi la kwanza ni maneno yanayotamkwa sawa lakini yakaandikwa tofauti, kama "night" na "knight". Wanaisimu huyaita homofoni. La pili ni maneno yanayotamkwa na kuandikwa sawa ingawa maana ni mbalimbali, kama "bank" ya mto na "bank" ya fedha. La tatu ni maneno ambayo kwa Mwingereza hayafanani kabisa, ila sisi tunayasikia yanafanana kwa sababu Kiswahili kina irabu tano tu, ilhali Kiingereza kina nyingi zaidi: "ship" na "sheep", "full" na "fool". Kundi hili la tatu liondoe mara moja kwenye kazi hii. Hapo tatizo ni la sikio na ulimi, na kujua asili ya neno hakutakufanya ulitamke vizuri zaidi.

Kumbuka pia kwamba lafudhi hutofautiana. Wazungumzaji wengi wa kusini mwa Uingereza hutamka "caught" na "court" sawasawa, lakini kwa Wamarekani wengi maneno hayo ni tofauti kwa sababu wao huitamka r. Kwa upande mwingine, Wamarekani wengi hawatofautishi "cot" na "caught". Nchini Uskoti wapo wanaotenganisha "which" na "witch" waziwazi. Basi usishangae kitabu kimoja kikiziita jozi fulani homofoni na kingine kikakataa.

Hatua ya pili: soma sehemu ya asili katika kamusi

Watu wengi hufungua kamusi, wakasoma maana ya kwanza, wakaifunga. Sehemu inayotufaa sisi ni ile fupi yenye vifupisho, ambayo katika kamusi nyingi hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidahizo, yaani neno lililoorodheshwa pamoja na maelezo yake. Kamusi kubwa kuliko zote katika fani hii ni Oxford English Dictionary, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na toleo lake la kwanza likakamilika mwaka 1928. Merriam-Webster nayo inapatikana bure kwenye intaneti, na kwa kazi ya kawaida inatosha.

Vifupisho ni vichache: OE ni Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa takriban hadi mwaka 1100, ME ni Kiingereza cha Kati, kuanzia hapo hadi karibu mwaka 1500, OF ni Kifaransa cha Kale, ON ni Kinorsi cha Kale, lugha ya Waskandinavia waliovamia na kuhamia Uingereza, L ni Kilatini na Gk ni Kigiriki. Alama ya nyota mbele ya neno inaonyesha kwamba neno hilo halijapatikana katika maandishi yoyote, bali wataalamu wamelikisia kwa kulinganisha lugha zenye undugu. Tarakimu ndogo iliyo juu ya kidahizo si pambo: inakueleza kwamba wahariri wanayahesabu maneno hayo kuwa tofauti, hata kama herufi zake ni zilezile.

Jaribu na neno "sound". Utakuta vidahizo vinne. "Sound" yenye maana ya sauti imetoka Kilatini, "sonus", kupitia Kifaransa, na d iliyo mwishoni iliongezwa baadaye na Waingereza wenyewe. "Sound" yenye maana ya kuwa timamu au imara ni ya Kiingereza cha Kale, "gesund". "Sound" inayotaja mlangobahari inatokana na neno la Kiingereza cha Kale na Kinorsi cha Kale, "sund", ambalo pia lilimaanisha kuogelea. "Sound" ya nne ni kitenzi cha kupima kina cha maji, nacho kilitoka Kifaransa, "sonder". Anayedhani kwamba kupima kina kunaitwa hivyo kwa sababu ya sauti ya kitu kinachotupwa majini amejitungia hadithi, na kamusi inamsahihisha kwa mstari mmoja.

Hatua ya tatu: amua ni historia ipi kati ya tatu

Baada ya kusoma asili, neno lako litaangukia katika historia moja kati ya tatu. Hatua hii ndiyo kiini cha kazi yote.

Historia ya kwanza ni ya neno moja lililogawanyika. "Flower", yaani ua, na "flour", yaani unga, yalikuwa neno moja lililotoka Kifaransa, na asili yake ni Kilatini. Sehemu iliyo bora na laini kuliko zote katika nafaka iliyosagwa iliitwa ua la nafaka, kama vile sisi tunavyosema "kiini" cha jambo. Tahajia hizo mbili zilichelewa sana kutengana. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 bado iliziweka maana zote mbili chini ya "flower". "Metal" na "mettle" nayo ni mamoja: la kwanza likabaki na maana ya madini, la pili likachukua maana ya ujasiri, yaani kile ambacho mtu ameumbwa nacho. "Than" na "then" yalikuwa neno moja, "off" ni "of" iliyotamkwa kwa mkazo, na "too" ni "to" iliyotamkwa kwa mkazo vilevile.

Katika kundi hili mfano unaonipendeza kuliko yote ni "stationary" na "stationery". Katika Kilatini cha enzi za kati "stationarius" alikuwa mfanyabiashara mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na mchuuzi anayezunguka na bidhaa zake. Wauza vitabu, hasa karibu na vyuo vikuu, walikuwa watu wa namna hiyo, na jina "stationer" likawaganda wao. Umoja wao wa London ulipata hati ya kifalme mwaka 1557. Vitu walivyouza, yaani karatasi, wino na kalamu, vikaitwa "stationery", ilhali kivumishi "stationary" kikabaki na maana ya kutosogea. Kwa hiyo tofauti ya e na a ina sababu: e ni ile ya "stationer", mtu mwenye duka.

Historia ya pili ni ya maneno yasiyohusiana ambayo sauti zake zilihama hadi zikakutana. "Knight" katika Kiingereza cha Kale ilikuwa "cniht", yaani kijana au mtumishi, na "night" ilikuwa "niht", yaani usiku. K ilitamkwa, na gh iliwakilisha sauti inayokaribia kh ya "kheri" kama inavyotamkwa na watu wa pwani. K ya mwanzo ilipotea katika matamshi kufikia mwisho wa karne ya 17, na gh ikapotea pia, lakini maandishi yakabaki kama yalivyokuwa. Hali ni hiyohiyo kwa w ya "write" na "wright", ambayo zamani ilisikika na kuyatenga na "right".

Irabu zilihama kwa kiwango kikubwa zaidi. Kati ya karibu mwaka 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika karibu zote, na mwanaisimu Mdenmark Otto Jespersen ndiye aliyeyapa mabadiliko hayo jina linaloweza kuelezwa kama Mhamo Mkuu wa Irabu. Kwa bahati mbaya William Caxton alianzisha kiwanda cha kwanza cha uchapaji nchini Uingereza mwaka 1476, huko Westminster, wakati mhamo huo ukiendelea, na desturi za uandishi zikaanza kukauka kabla sauti hazijatulia. Ndiyo maana "meet" na "meat" yana herufi tofauti: ee na ea zilikuwa irabu mbili tofauti kweli, nazo zikaja kuungana baadaye. "Tale" na "tail" ni vivyo hivyo, kwani ai ilikuwa irabu mbili zinazofuatana na a ilikuwa irabu moja ndefu. Mara unapolijua hili, jozi nyingi zinaacha kuonekana kama fujo. "See" na "sea", "week" na "weak", "heel" na "heal", zote zina kisa kimoja.

Historia ya tatu ni ya maneno ya kukopa yaliyokutana na mengine nchini Uingereza. "Rain" ni la Kiingereza cha Kale, "regn", na maana yake ni mvua. "Reign" ni Kilatini, "regnum", yaani utawala. "Rein" limetoka katika Kifaransa na mzizi wake ni "retinere", yaani kuzuia, nalo linataja hatamu ya farasi. Hapa Mswahili ana mtego wa ziada, kwa kuwa sisi husema kiongozi "ameshika hatamu", na fikra ya utawala huja yenyewe. Lakini hatamu ni "rein", na hivyo Kiingereza sahihi ni "take the reins". Vilevile "free rein" ni kumlegezea mtu hatamu, ingawa wengi huandika "free reign" na kuona inaleta maana.

Muhimu: undugu hutegemea umekwenda nyuma kiasi gani. "Bank" ya mto iliingia Kiingereza kutoka lugha za Skandinavia, na "bank" ya fedha ilitoka Italia, ambako "banca" ilikuwa benchi au meza ya mvunja fedha. Kamusi huyahesabu kuwa maneno mawili, na ni sawa. Hata hivyo Waitaliano walikuwa wamelikopa neno hilo kutoka lugha za Kijerumani, na mzizi wa mbali ni mmoja. Kwa mwandishi wa kawaida inatosha kusimama pale ambapo maneno yaliingia Kiingereza.

Hatua ya nne: tafuta ndugu anayeisikilizisha herufi iliyonyamaza

Historia peke yake husahaulika. Kinachodumu ni ndugu wa neno, hasa yule ambaye ndani yake herufi yenye utata inasikika. W ya "two" haisikiki, lakini inasikika katika "twin", "twelve", "twenty" na "between", ambayo yote yana maana ya uwili. C ya "muscle" imenyamaza, lakini katika "muscular" inasikika, na papo hapo umelitenga na "mussel", yule kome wa majini. Tena maneno haya mawili yametoka katika Kilatini "musculus", panya mdogo, kwa sababu msuli unaofura chini ya ngozi uliwakumbusha Warumi mnyama huyo.

"Principal" lina a inayosikika vizuri katika "principality", na "principle" halina. "Cite" ni ndugu wa "citation" na "recite". "Site" ni ndugu wa "situate". "Sight" liko pamoja na "see". "Complement" limo katika ukoo wa "complete", kwa maana ya kukamilisha, ilhali "compliment", yaani sifa au salamu ya heshima, lilizunguka kwanza kupitia Italia na Ufaransa likarudi na i. "Council" na "counsel" yaliwachanganya Waingereza wenyewe kwa karne kadhaa: la kwanza ni "concilium", mkutano, na c yake utaikuta katika "reconcile", la pili ni "consilium", ushauri, na s yake utaikuta katika "consult".

Pale ambapo hakuna ndugu wa kusaidia, tumia kumbusho lolote, mradi ujue ni kumbusho. Ni rahisi kukumbuka "hear" kwa kuwa ndani yake mna "ear", na kukumbuka "here" kwa kuliweka pamoja na "there" na "where". Undugu wa "here", "there" na "where" ni wa kweli. "Ear" ndani ya "hear" ichukue kama msaada wa kumbukumbu tu, usiifanye ushahidi wa asili.

Hatua ya tano: pima neno ndani ya sentensi

Chukua jozi inayosumbua kuliko zote, "affect" na "effect". Yote yametokana na kitenzi cha Kilatini "facere", kufanya. Tofauti iko katika kiambishi awali: "ad", kuelekea, kiligeuka af kwa kufuata f iliyofuata, na "ex", kutoka nje, kikageuka ef. "Affect" basi ni kukielekea kitu na kukigusa. "Effect" ni kile kinachotokea kama matokeo. Katika "The drought affected the harvest" ukame uliyagusa mavuno. Katika "the effects of the drought" tunataja yaliyotokana nao. Kanuni ya kwamba la kwanza ni kitenzi na la pili ni nomino inatosha mara nyingi, lakini si zote, kwa sababu "to effect a change" ni kuleta badiliko lenyewe, na "to affect a change" ni kugusa badiliko ambalo lilikuwa tayari linaendelea. Katika saikolojia "affect" pia ni nomino, yenye maana ya hisia zinazoonekana kwa mtu.

Nahau huhitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa huhifadhi maneno ambayo mahali pengine yamekufa. "Bated breath" ni pumzi iliyopunguzwa, kutoka "abate", wala haihusiani na "bait", chambo. Katika "just deserts" neno la pili lina s moja tu katikati: hilo ni neno la Kifaransa cha Kale lenye undugu na "deserve", yaani anachostahili mtu. Linatamkwa sawa na "dessert", kitamu cha baada ya chakula, ambacho jina lake linatokana na kitenzi cha Kifaransa cha kuondoa vyombo mezani. Na linaandikwa sawa na "desert", jangwa, ambalo kwa Kilatini ni mahali palipoachwa.

Usiiruhusu asili itawale maana ya leo. "Sell" katika Kiingereza cha Kale ilimaanisha kutoa au kukabidhi, lakini leo huwezi kumwambia mtu umemkabidhi zawadi ukatumia neno hilo.

Hatua ya sita: kataa asili za kubuni

Hadithi za asili ya maneno huenea haraka kuliko ukweli wake. Wapo wanaofundisha kwamba "news" ni ufupisho wa majina ya pande nne za dunia kwa Kiingereza, kumbe ni wingi wa "new", mambo mapya, basi. Maneno yaliyoundwa kwa herufi za mwanzo yalikuwa adimu kabla ya karne ya 20, hivyo ukisikia dai la namna hiyo juu ya neno kongwe, anza kwa kulitilia shaka.

Aina nyingine ya udanganyifu ni ile ambayo Waingereza wenyewe waliiandika ndani ya tahajia. "Island" halikuwa na s. Lilikuwa neno lao la asili, na s iliingizwa katika karne ya 16 kwa kudhani kwamba linatokana na "isle", ambalo kweli ni la Kilatini, "insula". "Aisle", njia ya kati ya viti, lilitoka katika Kilatini "ala", bawa, nalo likavishwa s hiyohiyo. "Whole" lilivishwa w lisilostahili. Ndugu zake halisi ni "heal" na "health". "Female" lilitoka katika Kilatini "femella" na halikuwa na uhusiano wowote na "male", mpaka watu walipoligeuza umbo ili yafanane. Na "pencil" haitokani na "pen": la pili ni "penna", unyoya, na la kwanza ni "penicillus", brashi ndogo, au kwa asili kabisa, mkia mdogo.

Hatua ya saba: weka kumbukumbu zako

Kila neno lipe ukurasa au kadi yake peke yake, wala usiliandike ubavuni mwa lile linalochanganywa nalo. Andika neno, lugha lilikotoka, maana yake ya awali kwa Kiswahili, ndugu mmoja au wawili, na sentensi uliyoitunga wewe. Kadi ya "counsel" yaweza kusomeka hivi: Kilatini "consilium", ushauri, ndugu "consult", "She sought legal counsel before signing." Siku utakapotunga kadi ya "council" acha wiki nzima ipite kati.

Mwisho, juu ya kila kadi andika kama tahajia ni ya Uingereza au ya Marekani, hasa kwa maneno kama "tyre", "draught", "storey" na "practise". Uingereza huandika "practice" kwa nomino na "practise" kwa kitenzi, na ukisahau ipi ni ipi, tamka "advice" na "advise": hapo tofauti inasikika, nayo inafuata mpango uleule. Marekani huandika "practice" kwa yote mawili, lakini kwa "license" imechagua s kwa yote mawili, kwa hiyo angalia kwanza msomaji wako ni wa upande upi.